Kejian: neno la Kichina la kusema "ni dhahiri kwamba"

Katika Kichina, mtu akitaka kutoa hitimisho lililo wazi hutumia neno kejian (可见). Ke ni "kuweza", jian ni "kuona". Kwa pamoja ni kama tunavyosema "inaonekana wazi kwamba". Hutamkwa karibu na "ke-jien", sauti ikianza chini kisha ikishuka kwa mkato.

Neno hili halifungui mazungumzo. Kwanza unataja ulichokiona, ndipo unasema kejian, halafu hitimisho lako: "Ardhi imelowa, kejian usiku mvua ilinyesha."

Wanaojifunza hulichanganya na suoyi, yaani "kwa hiyo". Suoyi hutoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo: "Mvua ilinyesha, suoyi ardhi imelowa." Kejian huanzia kwenye dalili.

Tofauti hiyo ina uzito. Ardhi inaweza kulowa kwa bomba lililopasuka. Basi ukifanya kazi au biashara na Mchina akasema kejian, elewa kwamba anatoa hitimisho kutokana na dalili. Kabla ya kukubali au kubisha, mwulize ameona nini.