Ubaguzi wa Rangi na Utangamano wa Jamii Shuleni katika Kanda ya Kati ya Tanzania

Utangamano wa jamii ni hali ya watu wenye asili, rangi, lugha na dini mbalimbali kuishi mahali pamoja wakiaminiana, wakizifikia huduma za umma kwa usawa na wakijiona kuwa na mustakabali mmoja. Na ubaguzi wa rangi, ambao ni adui wake mkubwa, ni mwenendo au utaratibu wa kumpa mtu hadhi, haki au nafasi kwa kutazama ngozi yake na nasaba yake badala ya utu wake. Shule ina nafasi ya pekee katika mambo haya mawili, kwa kuwa ndiyo taasisi ya kwanza inayomkutanisha mtoto na watu wasio wa ukoo wake, na kwa sababu hiyo inaweza kumzoesha usawa au kumfundisha ubaguzi kabla hajajua hata kusoma. Katika Kanda ya Kati ya Tanzania, yaani mikoa ya Dodoma na Singida iliyo kwenye uwanda mkavu wa katikati ya nchi, historia ya shule inaonyesha jinsi ubaguzi uliowekwa na sheria ulivyoondolewa kwa muda mfupi, na jinsi ubaguzi usioandikwa popote ulivyobaki ukimsubiri mwalimu darasani.

Uwanda huo una mchanganyiko wa watu ambao ni nadra kuonekana kwingineko barani. Katika eneo la Kondoa na jirani zake hukutana makundi yote manne ambayo kwa desturi wanaisimu wamezigawia lugha za Afrika: Warangi, Wagogo, Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu, Waburunge na Walagwa husema za Kikushi, Wadatooga na Wamaasai husema za Kiniloti, na Wasandawe husema lugha yenye vidoko, yaani konsonanti zinazotolewa kwa kufyatua ulimi, ambayo huwekwa katika kundi la Khoisan. Kaskazini-magharibi ya hapo, kuelekea Ziwa Eyasi na katika kijiji cha Munguli mkoani Singida, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wameendelea kutegemea uwindaji, asali na mizizi. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 iliongeza wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu pamoja na maofisa wa Kijerumani, na mji ukakua kwa maeneo yaliyotengwa, kiasi kwamba majina ya Uzunguni na Jamatini, mahali penye jamatkhana ya Waismailia, yameendelea kutumika hadi leo.

Chini ya utawala wa Waingereza mgawanyo huo wa makazi ulikuwa pia mgawanyo wa elimu. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, huku Wagoa, Waarabu na wengine wachache wakiwekwa katika fungu lao, na kila fungu lilikuwa na mtaala, walimu na bajeti yake. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika wapatao milioni 8.7 na Wazungu wapatao 20,000 tu; hata hivyo, katikati ya miaka hiyo ya 1950, fedha zilizotokana na mali za maadui wa vitani zilipogawiwa kwa ajili ya elimu, zilikatwa mafungu matatu sawa kwa rangi tatu, kana kwamba usawa ni wa mafungu wala si wa watoto. Mtoto wa Kigogo aliyebahatika kupata shule alisoma darasa la kwanza hadi la nne, kisha akakutana na mtihani uliowachuja wengi kabla ya shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, na sekondari ilikuwa ya wachache mno.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ambao uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, kwa kuwa mvua za uwanda huo ni chache na udongo wake hukauka ukawa mgumu kama saruji. Kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa mradi ilifunguliwa shule ya Wazungu, na mradi ulipokufa majengo yaliyobaki yaligeuzwa kuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu kutoka pande nyingi za Tanganyika, iliyodumu hadi 1958, wanafunzi walipohamishiwa Iringa katika shule mpya ya St Michael's and St George's. Kwa hiyo katikati ya Ugogo, katika nchi ambayo njaa hurudi kila mvua zinaposhindwa, kulikuwa na mabweni, uwanja wa michezo na walimu wa kutosha, lakini mtoto wa mkulima wa kijiji cha jirani hakuweza kuandikishwa, si kwa sababu ya ada wala mtihani, bali kwa sababu ya rangi. Shule ile ya Iringa, iliyojengwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya Wazungu, baada ya uhuru iligeuzwa kuwa Sekondari ya Mkwawa, na sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja pamoja na uhuru. Oktoba 1961, katika mjadala wa muswada wa uraia, Waziri Mkuu Julius Nyerere alikataa katakata hoja ya kuufanya uraia uwe wa Waafrika peke yao, akaweka wazi kwamba yeye na serikali yake wangejiuzulu kama Bunge lingeamua vinginevyo. Sheria ya Elimu ya mwaka huohuo, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta utengano wa shule kwa rangi na kuweka mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote. Tendo hilo linastahili kupewa uzito wake: nchini Marekani, ambako Mahakama Kuu ilikuwa imeharamisha utengano wa shule tangu 1954, majimbo mengi ya kusini yalikuwa bado yanapinga kwa nguvu, na Afrika Kusini ilikuwa inakaza sheria yake ya Elimu ya Wabantu ya 1953, iliyokusudia kumwandaa mtoto mweusi kwa kazi za chini. Hata hivyo, shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi ziliendelea kwa muda kufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada kubwa, hivyo mlango uliofunguliwa na sheria ulipitiwa kwanza na Waafrika wenye uwezo wa kulipa na watoto waliokwisha kuijua lugha hiyo. Hapo ndipo udhaifu wa mageuzi yale ulipokuwa, na athari yake haijaisha.

Mgawanyo wa dini ulishughulikiwa baadaye kidogo. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870 na kueneza shule Mvumi, Buigiri na Kongwa, wakati Kondoa, mji wa njia ya misafara wenye Waislamu wengi, ulitegemea zaidi madrasa na shule chache za serikali. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali, ili kuandikishwa kwa mtoto kusitegemee ubatizo wake. Shule ya Sekondari ya Alliance ya Dodoma, iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti, ilikuja kuitwa Mazengo kwa heshima ya mtemi wa Wagogo wa Mvumi, ikawa shule ya taifa zima. Tangu 2007 majengo yake ni makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Nguvu kubwa zaidi ya utangamano, hata hivyo, ilitokana na maisha ya kila siku shuleni kuliko sheria. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973, na Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa ambamo shule iliwekwa karibu. Na ni haki kusema pia kwamba wengi walihamishwa bila ridhaa yao na mifugo yao ikateseka. Katika sekondari za bweni, kama vile Msalato, Mpwapwa na Bihawana, wanafunzi waliletwa kutoka mikoa ya mbali kwa makusudi. Kijana wa Kihaya alilala kitanda cha juu, wa Kirangi cha chini. Waliamshwa na kengele moja kabla ya jua, wakakimbia mchakamchaka pamoja, wakashika fagio na jembe kwa zamu bila kuulizwa baba zao ni nani, na mchana wakapanga foleni wakiwa na sahani zao mbele ya sufuria moja ya ugali na maharage. Urafiki uliozaliwa katika foleni hizo, na ndoa nyingi za makabila tofauti zilizofuata, vilifanya kazi ambayo hakuna somo la uraia lingeifanya peke yake.

Ukanda huu pia ulibeba sehemu ya mapambano ya Afrika dhidi ya ubaguzi. Tangu 1964 Kongwa ileile ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na vyama vingine, na mashariki zaidi, huko Mazimbu mkoani Morogoro, ANC ilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976.

Ubaguzi uliobaki baada ya hayo yote hauna sheria ya kuufuta. Mtoto wa Kisandawe, Kidatooga au Kihadzabe anapoingia darasa la kwanza akiwa hajui Kiswahili, mwalimu humwona mzito wa kuelewa, wenzake humcheka anapotamka, na anapotoroka kurudi nyumbani hutajwa kuwa ushahidi kwamba watu wa kabila lake hawapendi shule. Majaribio ya kuwaweka watoto wa Kihadzabe katika mabweni kuanzia miaka ya 1960 yalikumbana na utoro wa namna hiyo, na lawama ikaangushiwa familia badala ya shule ambayo haikuwafundisha kwa lugha yao. Njia zilizoonyesha matumaini ni zile zinazomfuata mtoto alipo: shule shikizi, yaani madarasa madogo yanayojengwa karibu na vitongoji vya mbali chini ya shule mama; MEMKWA, mpango wa elimu kwa watoto walioikosa kwa wakati wake; na maandalizi ya kuanza shule, kama yale ya mpango wa kuboresha elimu uitwao EQUIP-T katikati ya miaka ya 2010, ambapo katika Dodoma na mikoa mingine wasaidizi waliochaguliwa na wanakijiji waliwazoesha watoto Kiswahili kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni utani. Kwa asili, utani wa makabila ni mkataba wa heshima: mtani ana ruhusa ya kumkejeli mwenzake, lakini anawajibika kumzika, kumsaidia na kupokea kejeli hiyohiyo bila kinyongo. Mkataba huo huvunjika darasani pale wanafunzi arobaini wanapomgeukia mmoja ambaye hana mwenzake wa kumjibia, au mwalimu mwenyewe anapoanzisha kicheko ambacho mwanafunzi hawezi kukirudisha. Wagogo wamebebeshwa kwa miaka mingi jina la ombaomba, na wachache kati ya wanaolitamka wanajua historia ya njaa za Ugogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo. Ukame ulipofuata, nchi iliingia katika njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoua maelfu kati ya 1918 na 1920 na kuwatawanya walionusurika kutafuta chakula ugenini. Kumfanyia mtoto mzaha kwa jina hilo ni kumcheka kwa msiba wa mababu zake, na somo la historia ya mahali lingepaswa kulisema hili waziwazi, hasa sasa ambapo mtaala ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Rangi ya ngozi yenyewe bado huumiza, na anayeumia zaidi ni mtoto mwenye ualbino, yaani upungufu wa kurithi wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Mashambulizi yaliyozuka hasa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yalitia hofu nchi nzima. Buigiri, wilayani Chamwino, ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ambayo imepokea pia watoto wenye ualbino kwa sababu ya uoni wao hafifu. Usalama wa shule kama hiyo ni wa thamani, ila lengo linabaki kuwa mtoto huyo asome katika shule ya kijiji chake, akiwa na kofia pana na mikono mirefu, akikaa dawati la mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na mwalimu akisoma kwa sauti anachoandika ubaoni.

Uingereza, ambayo ilikuwa mtawala, ilichelewa kuukabili ubaguzi wa rangi nyumbani kwake. Ripoti ya 1999 kuhusu mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence ilitaka, pamoja na mengine, shule ziandike kila tukio la ubaguzi wa rangi, na kuanzia Septemba 2007 shule za England zilibebeshwa wajibu wa kisheria wa kukuza utangamano wa jamii. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, rangi, dini na mahali mtu alipotoka, na nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kutokomeza ubaguzi wa rangi mwaka 1972. Lakini katazo la katiba halimfikii mtoto aliyeitwa jina la kashfa nyuma ya choo cha shule. Daftari la matukio ya aina hiyo, linaloandikwa na mwalimu wa malezi na kusomwa kwenye kikao cha kamati ya shule, linaweza kumfikia, wala halihitaji fedha.

Haja ya kulinda utangamano shuleni imekua tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati. Wakazi wa mkoa waliongezeka kutoka takriban milioni 2.1 katika sensa ya 2012 hadi takriban milioni 3.1 mwaka 2022, na pamoja na watumishi wa umma wamekuja watoto wa kila kabila la nchi. Wenye uwezo huwapeleka watoto katika shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa basi la njano linalopita mlangoni, na wenyeji wa pembezoni mwa jiji hubaki katika shule za umma zenye msongamano, hivyo ada na lugha, vigezo vilevile vilivyozuia wengi mwaka 1962, vinawatenga upya watoto wanaoishi kata moja. Halmashauri inayopanga viwanja na madarasa mapya inaweza kuzuia hali hiyo isiote mizizi, ikiwa itazipatia shule za umma za kata zinazopokea wahamiaji walimu, vyoo na maabara vya kutosha hata mtumishi wa wizara asione sababu ya kumwondoa mwanawe humo.