Uliona, au Uliambiwa?

Kabla Bujumbura haijawa mji, ugomvi wa shamba au ng'ombe katika vilima vya Burundi ulipelekwa kwa bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao. Mzee aligonga ardhi kwa fimbo iitwayo intahe, kisha mashahidi wakasikilizwa mbele ya majirani. Watu walijuana tangu utotoni, hivyo sifa ya mtu ilikuwa na uzito wake. Mambo yalibadilika pale kazi ya mshahara ilipowakutanisha watu wasiojuana.

Wabelgiji walikuja na vitabu vyao. Mfalme Leopold II alikuwa ametoa amri ya mikataba kwa ajili ya Kongo mwaka 1888, na baada ya sheria ya 1925 kuiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, kanuni hizo zikatumika pia Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Ndani ya amri hiyo hakimu aliachiwa kupima makisio kwa busara yake, ila akubali tu yaliyo mazito, mahususi na yanayoafikiana.

Kenya ilifuata njia nyingine. Waingereza walileta Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, na sheria ya Kenya ya 1963 ikaurithi msimamo wake: katika kesi ya madai, tabia ya mtu haipokelewi ili kuonyesha kwamba huenda alitenda jambo fulani, na shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. Wapo wanaosema ukali huo ulitokana na hofu ya baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida wasiozoea kupima maneno. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi, maana Kenya iliishikilia kanuni hiyo hata pale hakimu alipoketi peke yake. Naona sababu nzito zaidi ni kwamba sifa mbaya hujaza nafasi ambayo ushahidi umeiacha wazi.

Burundi nafasi hiyo ilikuwa pana. Mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa kama mmoja kati ya watano, na kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Baada ya uhuru wa 1962 na mauaji ya kikabila ya 1972, utawala wa Rais Bagaza (1976–1987) ulikataza kutaja makabila hadharani. Aliyenyimwa kazi kwa asili yake hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Alikuwa na minong'ono tu.

Kanuni ya Kazi ya Julai 1993 ilipiga marufuku ubaguzi kazini. Miezi mitatu baadaye Rais Ndadaye aliuawa, vita vikaanza. Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000 ulilirudisha kabila mezani, na Katiba ya 2005 ikaliwekea hesabu: katika mashirika ya umma Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi wasizidi 40. Kwa mara ya kwanza kukawa na kitu cha kuhesabu.

Hesabu hiyo haimalizi kesi. Tuseme karani wa Buyenzi ameachishwa kazi. Mkaguzi wa kazi ameshindwa kuwapatanisha, shauri limefika Mahakama ya Kazi. Shahidi wa kwanza anasema: "Mkurugenzi yule ni mkabila, mji mzima unajua." Wa pili analeta orodha ya mishahara na barua mbili walizopewa wafanyakazi wawili kwa kosa lilelile, moja ya onyo na nyingine ya kufukuza. Maneno ya kwanza hayana tarehe wala tukio. Ya pili yanampa hakimu cha kulinganisha. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 ingemtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua.

Hakimu wa Bujumbura hazuiwi kumsikiliza shahidi wa kwanza. Anamwacha amalize, kisha anamuuliza: ulikuwepo?