Ganzi ya Mikono na Miguu kwa Wanaotibiwa Saratani: Safari ya Tiba Isiyo ya Vidonge

Leo tuzungumzie jambo ambalo akina mama wengi wanaotibiwa saratani hulinyamazia. Baada ya dripu kadhaa, vidole vinakufa ganzi. Usiku nyayo zinawaka moto. Kufunga kifungo kunashinda, na kikombe kinaponyoka mkononi. Watu nyumbani wananong'ona kwamba umerogwa. La, hukurogwa. Ni dawa.

Mwaka 1962, wataalamu wa Marekani walikusanya magome ya mti mmoja wa msituni katika jimbo la Washington. Kutokana na magome hayo ilipatikana dawa ya paklitakseli, iliyoidhinishwa huko mwaka 1992 kutibu saratani ya ovari, na mwaka 1994 saratani ya matiti. Dawa hii huzuia seli za saratani kugawanyika kwa kukaza vijibomba vidogo vilivyo ndani yake. Lakini neva nazo hutumia vijibomba hivyo kusafirisha mahitaji yake. Neva ndefu zaidi huumia kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni.

Je, ingezuiwaje? Mwaka 2005, madaktari wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 45 waliokuwa wakitumia dosetakseli, dawa ya ukoo huo huo. Mkono wa kulia ulivishwa glavu iliyogandishwa, wa kushoto ukaachwa wazi. Kucha za kulia hazikuharibika sana kama za kushoto.

Baadaye baridi ikajaribiwa kwa neva. Matokeo ya Kyoto, Japani, yalitolewa mwaka 2018. Wagonjwa 36 walivaa glavu na soksi baridi upande mmoja tu, tangu dakika 15 kabla ya dripu hadi dakika 15 baada yake. Mikono iliyopoteza hisia ilikuwa 10 upande wa baridi, na 29 upande usiolindwa. Baridi hubana mishipa ya damu, hivyo dawa kidogo tu hufika vidoleni.

Lakini tahadhari, mama! Tafiti zote hazikukubaliana. Tena kwa anayepewa oksaliplatini, baridi huzidisha maumivu. Usijiwekee barafu kabla ya kumuuliza daktari wako.

Mazoezi nayo yana historia yake. Mwaka 2024, watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa waliotumia oksaliplatini au dawa nyingine zinazodhuru neva. Waliopata matibabu ya kawaida pekee, takriban 7 kati ya 10 walidhurika neva. Waliofanya mazoezi ya kujisawazisha mara mbili kwa wiki, ni 3 kati ya 10.

Basi, ukikubaliwa na daktari, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mtu akiwa kando yako. Vaa viatu hata ndani ya nyumba. Kagua nyayo kila jioni. Maji ya kuoga apime mwingine, kwa maana mguu wenye ganzi huungua bila kujua.

Na la muhimu kuliko yote: ganzi ikianza, mwambie muuguzi kabla ya dripu inayofuata. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Usiache matibabu, na usinyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua.