Kesi ya Unger na Wazee wa Maryland

Katika jimbo la Maryland, Marekani, majaji wa kesi za jinai waliwahi kuwaambia wajumbe wa jopo la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaotoa uamuzi wa kesi, kwamba maelezo yao kuhusu sheria ni ushauri tu. Msomaji wa Afrika Mashariki anayewakumbuka wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji, ataona mambo yamepinduliwa. Katiba ya jimbo ililifanya jopo kuwa mwamuzi wa sheria pamoja na ushahidi. Hivyo hata kanuni kwamba mtu hana hatia mpaka kosa lithibitishwe pasipo shaka ikawa ya kufuata au kuacha. Wengi waliohukumiwa maisha kwa utaratibu huo kabla ya 1980 walikuwa Weusi, nao wakazeekea gerezani.

Kwa maandishi, njia ya parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, ilikuwepo, gavana akiridhia. Lakini mwaka 1993 mfungwa wa maisha aliyeruhusiwa kufanya kazi nje alimuua mpenzi wake wa zamani, kisha akajiua. Wafungwa wote wa maisha wakaondolewa katika mpango huo, wakiwemo waliokuwa na mwenendo safi. Mwaka 1995 Gavana Parris Glendening akatangaza kwamba maisha ni maisha: asipelekewe jina la mfungwa wa maisha anayeombewa parole, isipokuwa la mzee sana au mgonjwa mahututi. Baadaye, akiwa ameshaondoka madarakani, alikiri kuwa alikosea. Majuto hayo hayakumtoa mtu.

Kilichowatoa ni kasoro ya kisheria. Mwaka 2012, katika rufaa ya Merle Unger, aliyepatikana na hatia ya kumuua askari polisi mwaka 1975, mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba maagizo yale kwa jopo yalikuwa batili. Zaidi ya wafungwa 200 wakawa na haki ya kudai kesi mpya. Mashahidi walishakufa, vielelezo vimepotea. Waendesha mashtaka wengi wakaona heri wapatane, mzee aende kwao chini ya uangalizi. Karibu 200 wakatoka, wengi wakiwa na miaka 60 na zaidi. Mawakili na maofisa ustawi wa jamii wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwasaidia kupata makazi na matibabu. Hadi 2018, waliorudi gerezani kwa makosa mapya hawakufikia asilimia 3.

Unger mwenyewe hakuwa miongoni mwa waliotoka. Alishtakiwa upya mwaka 2013, akatiwa hatiani, akapewa tena kifungo cha maisha. Na mwaka 2021, licha ya pingamizi la gavana wa wakati huo, wabunge wa Maryland walimwondolea gavana kauli ya mwisho juu ya parole ya wafungwa wa maisha.