Kidonge cha bei nafuu kilichobandua ngozi za wagonjwa

Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu Afrika Mashariki walimeza kila siku kidonge chenye dawa mbili, isoniazidi na thiasetazoni. Thiasetazoni ilitoka Ujerumani miaka ya 1940, kazi ya Gerhard Domagk na wenzake. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza ndiyo yaliyothibitisha kipimo chake: miligramu 150 pamoja na miligramu 300 za isoniazidi. Sifa yake kuu ilikuwa bei. Serikali changa, zenye wagonjwa wengi na fedha kidogo, ziliimudu.

Kisha UKIMWI ukaingia. Mgonjwa alianza dawa akiwa na matumaini, na wiki chache baadaye akashikwa na homa, upele, vidonda vya mdomo na macho mekundu. Kwa waliozidiwa, malengelenge yalitapakaa na ngozi ikabanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wapo waliokufa. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Nairobi: katika wagonjwa wenye VVU, takriban mmoja kati ya watano alipata mzio wa ngozi kutokana na thiasetazoni. Kwa wasio na VVU, ni kama mmoja katika mia.

Inawezekanaje kinga iliyodhoofika ishambulie mwili wake kwa ukali hivyo? Molekuli ya dawa ni ndogo mno, na kwa kawaida kinga haiitambui ikiwa peke yake. Lakini dawa, au mabaki yake baada ya kuvunjwavunjwa na ini, hunata kwenye protini za mwili, na seli T, askari wa kinga, huziona protini hizo kuwa ngeni. Huua seli za ngozi zinazozibeba. VVU navyo hupunguza hasa seli T za aina ya CD4, zikiwemo zile zinazotuliza mashambulizi, huku seli T za kuua zikibaki nyingi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye VVU wasipewe thiasetazoni. Nafasi yake ilichukuliwa na ethambutoli, japo kwa gharama kubwa zaidi, na naamini kila shilingi ilistahili.

Mzio wa namna hii haujaisha. Hata septrini, dawa ya kuua bakteria, huweza kuuleta. Ukianza dawa yoyote ukaona upele wenye homa, malengelenge au vidonda mdomoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yako.