Kuingia Maji ya Monterey

Mwaka 1898, wapiga mbizi kutoka Chiba, Japani, walifika kwenye ghuba ndogo ya Point Lobos, kusini ya mji wa Monterey, California. Aliyewaleta ni Gennosuke Kodani, msomi wa mambo ya bahari aliyetangulia mwaka mmoja kabla, baada ya habari kufika kwao kwamba miamba ya huku imejaa abaloni, yule konokono mkubwa wa gamba moja ambaye nyama yake kavu ilikuwa na soko zuri Uchina na Japani. Walikuja na ujuzi wa wazee wao: miwani, pumzi, na nguo nyepesi ya pamba. Hawakuwa watu wa kuogopa maji, na kwao Chiba baridi wanaijua. Maji ya Lobos yaliwashinda. Haukupita muda mrefu kazi ya kuzamia kwa pumzi tupu ikaachwa, yakaletwa mavazi mengine.

Kisa hiki huwasimulia wenzangu kila tunapopanga safari ya kwenda kutazama samaki kwa miwani na mrija, hasa wale ambao hawajawahi kuyagusa maji ya huku. Sisi ni Waswahili wa kutawanyika, tunaishi San Jose na miji ya jirani. Wako wa Tanga kama mimi, wako wa Mombasa, wako wa Bukavu, na hakosekani kijana wa Unguja wa kusema kwamba yeye nguo ya mpira haihitaji, bahari anaijua tangu tumboni. Na watu wa Chiba waliijua.

Ukitazama ramani utadanganyika. Monterey iko karibu sawa na Tunis, jua linawaka, na ufukweni watu wanakula aiskrimu. Lakini maji yenyewe yana nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, wakati Tanga ni nadra kushuka chini ya 25. Sababu ni upepo. Kuanzia majira ya kuchipua unavuma kutoka kaskazini magharibi, sambamba na pwani, na kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu husukumwa kwenda bahari kuu. Nafasi yao inajazwa na maji yanayopanda kutoka kilindini, meusi, baridi, na yenye mbolea tele. Mbolea hiyo ndiyo inayolisha misitu ya mwani mrefu wa kelpi, unaoota kutoka mwambani hadi juu ya maji kama minazi. Kwa hiyo uzuri na baridi ya Monterey vimekuja kwa jahazi moja, na huwezi kushusha kimoja ukaacha kingine. Nilipomweleza shangazi yangu kwa simu kwamba huku tunaingia baharini na kofia na glavu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, kwani mmelazimishwa?"

Watu wa Chiba hawakuwa wa kwanza kuvuna hapa. Wenyeji wa kale, Warumsen, walikula abaloni kwa vizazi vingi, na marundo ya magamba waliyoyaacha bado yapo. Wavuvi wa Kichina waliojenga vibanda Point Lobos mwanzoni mwa miaka ya 1850 walivuna pia. Kibanda kimoja chao kingali kimesimama, sasa ni makumbusho madogo. Ukiinama kuchungulia chini ya sakafu utaona imeegemezwa kwenye pingili za uti wa mgongo wa nyangumi, kila moja pana kama kigoda. Nyangumi nao wana historia yao pale: Wareno waliwawinda na kuwachemsha mafuta katika ghuba hiyohiyo. Siingii huko leo.

Wenye fedha wao walikuwa na njia nyingine ya kuikabili baridi hii. Hoteli ya Del Monte ilipofunguliwa mwaka 1880, iliwajengea wageni wake jumba la kuogea lenye madimbwi ya maji ya bahari yaliyopashwa moto. Mtu alisafiri kwa treni hadi ufukweni, akaoga bahari iliyochemshwa, huku ile halisi inapiga kelele nje ya dirisha. Na kule Pacific Grove, mwendo mfupi kutoka hapo, palikuwa na mashua zenye kioo sakafuni. Abiria alikaa mkavu, akainama, akatazama samaki. Wengine huwacheka watu hao. Mimi naona walikuwa wamepima sawasawa: walitaka kuona, na hawakutaka kutetemeka.

Tuwarudie akina Kodani, maana hapo ndipo pana mambo. Vazi lililochukua nafasi ya nguo ya pamba lilikuwa la turubai lililotiwa mpira, zito, lisilopenyeza maji. Ndani yake mzamiaji alivaa sufu tabaka juu ya tabaka. Kichwani alivalishwa kofia ya shaba yenye vidirisha vya kioo, ikafungwa kwa skrubu kwenye kola ya vazi. Miguuni viatu vya risasi. Mtu aliyevaa hivyo hawezi hata kujiinamisha ajifunge viatu. Kila kitu anafungiwa na wenzake. Akishuka chini anatembea juu ya mwamba, anabandua abaloni kwa chuma, anajaza wavu, anavuta kamba, wavu unapandishwa.

Sasa tazama juu. Kwenye mashua kuna watu wa kuzungusha pampu ya hewa kwa mikono, na hawana ruhusa ya kupumzika wote kwa pamoja. Kuna mshika kamba, ambaye kazi yake yote ni kuhisi vidoleni mwake kinachotokea chini: mvuto mmoja una maana yake, miwili ina yake. Kuna mpiga kasia anayeifanya mashua imfuate mzamiaji. Na ufukweni kuna moto, kuna chakula, kuna wa kukata nyama na kuichemsha. Kodani alishirikiana na A. M. Allan, mwenye ardhi ya Lobos, wakafungua kiwanda cha kutia abaloni kwenye makopo, na kijiji kizima kikawa kinaishi kwa kazi ile. Mmoja chini ya maji, wengine wote kwa ajili ya pumzi yake. Sijaona mpango wa safari ya baharini uliotungwa vizuri kuliko huo, wala sidhani kwamba wale wa kwanza walioshindwa na baridi walipungukiwa na ujasiri. Walipungukiwa na watu wa juu.

Soko lilikua. Mjini Monterey, Mjerumani mmoja mwenye mgahawa, Ernest Doelter, alipata sifa kwa kuipondaponda ile nyama ngumu mpaka ikalainika, akaikaanga kama steki, na Wamarekani waliokuwa wakiidharau wakaanza kuipangia foleni. Kodani alifariki mwaka 1930, na mwaka 1933 Lobos ikawa hifadhi ya jimbo.

Miaka hiyohiyo ya 1930 ndipo vijana wa California walipoanza kuingia baharini kwa kujifurahisha, na miwani ya kujitengenezea. Kusini, San Diego, palikuwa na chama cha wazamiaji kuanzia 1933. Huko maji ni afadhali. Huku kaskazini walivaa masweta ya sufu, wakajipaka mafuta mazito, wakawasha matairi ya magari ufukweni, wakaingia dakika chache na kutoka mbio kuota moto uliojaa moshi mweusi. Sufu ikiloa ni nzito, tena maji hupita ndani yake yapendavyo yenyewe. Baadaye mapezi ya miguuni nayo yakaanza kuuzwa. Miguu ilikuwa tayari kwenda mbali. Mwili ndio uliokataa.

Aliyeutanzua mkasa huu hakuwa mvuvi. Hugh Bradner alikuwa mwanafizikia wa Berkeley, mmoja wa waliofanya kazi Los Alamos wakati wa kuundwa kwa bomu la atomiki. Mwaka 1951 alikuwa akifikiria shida ya wapiga mbizi wa jeshi la majini, ambao nguo zao zilitegemea kubaki kavu ndani: zikitoboka tu, zimekwisha. Bradner akageuza swali. Kuna haja gani ya kuwa mkavu? Kinachozuia joto lisitoroke ni hewa. Ukipata mpira wenye vitundu vidogo vya hewa vilivyozibwa kila kimoja peke yake, basi maji machache yakiingia kati ya nguo na ngozi hayana madhara. Mwili utayapasha moto na yatakaa palepale, mradi nguo imebana. Mwenzake Willard Bascom akamshauri atumie sponji ya neoprini, mpira uliobuniwa na kampuni ya DuPont miaka 20 hivi kabla. Wazo lote limo katika barua ya Bradner ya Juni 1951, na ndiyo maana mimi siwasikilizi wanaodai nguo hii ilibuniwa na wauza vifaa vya kuteleza juu ya mawimbi. Jack O'Neill alifungua duka San Francisco mwaka 1952, ndugu wa Meistrell wakafuata kule Redondo Beach, na kwa kuisambaza nguo hii wanastahili sifa zote. O'Neill alitajirika. Bradner hakutajirika nayo.

Nguo za mwanzo zilikuwa adha. Sponji ilikuwa wazi pande zote mbili, haina kitambaa ndani, ikigusa ngozi inanata. Watu walijipaka poda au wanga wa mahindi mwili mzima kabla ya kuivaa, na wengi walinunua mpira wa kukata kwa mtindo, wakakaa jikoni wakiunganisha mishono kwa gundi. Ukikosea kuvuta, inachanika. Lakini ilifanya kazi, na katika miaka ya 1950 vyama vya kuzamia vikachipuka pwani yote. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, mwalimu au karani, angeweza kukaa saa nzima ndani ya maji ya Monterey.

Nao wakaingia, na hawakuingia mikono mitupu. Abaloni walivunwa na wazamiaji wa biashara na wa burudani kwa pamoja mpaka uvunaji ukapigwa marufuku kusini mwa San Francisco mwaka 1997. Kaskazini uliruhusiwa kwa kuzamia kwa pumzi tu, mpaka mwaka 2018 nao ukafungwa. Ugonjwa uliowaua viti vya pweza kuanzia 2013, kisha maji ya joto yasiyo ya kawaida, viliwaachia nafasi urumba wa zambarau, wakala msitu wa kelpi wa kaskazini hadi zaidi ya asilimia 90 ikatoweka, na abaloni wakafa njaa. Monterey imeumia pia, ila kuna mabaka yaliyonusurika, na fisi maji wa baharini, ambao wanawala urumba, wana sehemu katika hilo. Point Lobos ilikuwa imetangulia: mwaka 1960 sehemu yake ya chini ya maji ilitengwa, ya kwanza ya namna yake Marekani. Kuingia ni kwa kuandikisha nafasi mapema na mnakwenda wawili wawili. Kuokota hakuna, hata gamba tupu.

Kwa mgeni wa maji simpeleki Lobos kwanza. Tunaanza ufukwe wa San Carlos, mjini, nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa miaka ya 1930 kukinga bandari; mawimbi yanavunjikia nje, chini ni mchanga, na bafu la maji liko karibu. Tunakwenda Septemba au Oktoba, upepo ukiwa umelegea na maji yakiwa na joto kidogo, asubuhi kabla bahari haijachafuka. Nguo tunakodi, unene milimita 7, pamoja na kofia, glavu na viatu. Ina faida moja ambayo Bradner hakuikusudia: inaelea. Mtu anayeogopa kina akilala kifudifudi nayo hazami hata akitaka, kwa hiyo mkanda wa risasi hatumpi.

Kabla ya kuingia tunamimina maji ya uvuguvugu shingoni, yateremke ndani ya nguo, ili mwili usipoteze joto lake kuyapasha yale ya baharini. Kisha tunasimama maji ya kiunoni. Baridi ikipiga uso, pumzi hukatika na kwenda mbio. Inatulia baada ya dakika moja au mbili, na mpaka itulie hakuna kuweka mrija mdomoni. Nusu saa inatosha. Anayetetemeka anatoka na mwenzake, hata kama mwenzake ndiyo kwanza ameona sili.

Mtu wa kukaa nchi kavu tunamteua kwa makini, na hatumpi kazi hiyo kwa sababu eti anaogopa maji. Anahesabu vichwa, anashika saa, analinda chupa za chai ya tangawizi. Safari ya Oktoba hii ni zamu ya mama mmoja wa Bukavu, na amekwisha kututangazia kwamba sahani ya pilau hampi mtu yeyote mpaka awe amevua nguo ya maji na kuvaa soksi.