Ontolojia ya Uchunguzi na Vipimo

Ontolojia ya uchunguzi na vipimo ni mfumo wa dhana na mahusiano, ulioandikwa kwa lugha ya mantiki, unaoiwezesha kompyuta kutambua ni nini kilichopimwa, wapi, lini, kwa chombo gani na kwa utaratibu upi. Hutumika kuunganisha data za sayansi zinazotoka katika vyanzo mbalimbali, hasa za hali ya hewa, maji, ikolojia na afya.

Haja yake

Namba peke yake haijitoshelezi. Mei 2020, kipimo cha Jinja, Uganda, kilionyesha kuwa maji ya Ziwa Victoria yamefika mita 13.42. Hicho si kina cha ziwa, wala si mwinuko wake juu ya usawa wa bahari, bali ni kimo cha maji kuanzia sifuri ya kipimo hicho. Wataalamu wa maji wanalijua hilo. Kompyuta hailijui mpaka ielezwe. Vizio navyo visipoelezwa huleta hasara: mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki.

Muundo

Katika SOSA, mojawapo ya ontolojia za aina hii, kiini ni tendo la uchunguzi lenyewe. Kwa mfano wa Jinja, kitu kinachochunguzwa ni ziwa, sifa yake ni kimo cha maji, na tokeo ni 13.42. Kizio, yaani mita, huweza kuchukuliwa kutoka QUDT, ontolojia ya vizio iliyoanzia NASA. Kihisi, yaani kinachofanya uchunguzi, si lazima kiwe mashine. Mtu anayesoma kipimo kwa macho naye huhesabiwa kuwa kihisi. Nyakati pia hutenganishwa: sampuli ya maji iliyotekwa Jumatatu na kupimwa maabara Ijumaa ina wakati wa hali iliyochunguzwa na wakati wa kupatikana kwa tokeo.

Historia

Mwaka 2007 wanaikolojia walipata OBOE, ontolojia ya kuelezea data za uchunguzi wa ikolojia. Mwaka 2011 modeli ya uchunguzi na vipimo iliyoasisiwa na OGC, shirika la viwango vya data za kijiografia, ilifanywa kiwango cha kimataifa, ISO 19156; toleo la 2023 liliongeza sampuli katika jina lake. SOSA ilipitishwa Oktoba 2017, pamoja na toleo jipya la SSN, ontolojia ya mitandao ya vihisi, kwa ushirikiano wa OGC na W3C, shirika la viwango vya wavuti.

Mipaka

Lugha ya OWL, inayotumika kuandikia ontolojia nyingi, huchukulia taarifa isiyotajwa kuwa haijulikani tu. Kwa hiyo uchunguzi usio na kizio hauhesabiwi kuwa kosa; ukaguzi wa pengo la namna hiyo hufanywa kwa lugha nyingine, kama SHACL. Aidha, ontolojia hairekebishi kipimo kibovu. Husaidia tu kujua kilitoka kwenye chombo gani, ili matokeo yote ya chombo hicho yakaguliwe upya.